Ngome ya Mombasa na Wenye Funguo Zake

Mtu akiishika barabara ya Nkrumah katika mji wa Mombasa, akapita majengo ya kale ya serikali na miti yake mikubwa, mwisho hufika mahali ambapo ukuta umesimama mbele yake. Rangi yake ni ya udongo mwekundu uliopauka kwa jua na chumvi. Hauna madirisha. Chini yake liko handaki, na juu yake midomo ya mizinga yachungulia. Upande wa kushoto uko Mji wa Kale na vichochoro vyake. Upande wa kulia jabali laporomoka hata baharini. Ukuta huo ndio Ngome ya Mombasa, ambayo vitabu huiita Fort Jesus.

Wenyeji huiita Ngome tu, na mtaa ulio jirani huitwa Ngomeni. Lakini liko jina jingine la zamani, nalo ni Gereza. Neno hili lina habari yake. Wareno walipojenga ngome walijenga na kanisa ndani yake, na kanisa kwa lugha yao ni igreja. Watu wa pwani wakalichukua neno hilo wakaliita jengo lote Gereza. Ndiyo maana ngome ya Kilwa Kisiwani huitwa Gereza hata leo, na Ngome Kongwe ya Unguja nayo iliitwa hivyo. Kwa kuwa wafungwa walitiwa ndani ya kuta hizo hizo, neno likageuka maana. Lililoanza kuwa jina la nyumba ya sala likawa jina la nyumba ya pingu.

Neno hilo moja lafaa kukumbukwa na kila aendaye kuitazama ngome hiyo. Tangu 1596 hata 1958, yaani miaka mia tatu na sitini na miwili, watu wa Mombasa walizaliwa, wakaoa na kuzikana chini ya ukuta huo, lakini ila kwa vipindi vichache ufunguo wa lango ulikuwa katika mkono wa mtu aliyetoka mbali. Habari za ngome hiyo ni habari za wale walioushika ufunguo, na jinsi ulivyofika mwisho katika mikono ya wenyeji.

JABALI NA WAJENZI WAKE

Kisiwa cha Mombasa kina milango miwili ya bahari. Wa kusini waingia Kilindini, bandari ya meli kubwa za siku hizi. Wa kaskazini waingia Bandari ya Kale, ambamo majahazi yalitia nanga kwa karne nyingi, yakija na upepo wa kaskazi kutoka Uarabuni, Ghuba na Bara Hindi, na kurudi na kusi. Pembeni mwa mlango huo wa kaskazini limeinuka jabali la matumbawe. Chombo chochote kitakacho kuingia bandarini hakina budi kupita chini yake. Mwenye kuweka mizinga juu ya jabali hilo ndiye mwenye bandari.

Wareno walilifahamu jambo hilo kwa taabu. Vasco da Gama alifika Mombasa mwezi wa Aprili 1498, asipokelewe vema, akaendelea hadi Malindi alikopata urafiki na rubani wa kumvusha mpaka Bara Hindi. Tangu siku ile Malindi ikawa rafiki yao na Mombasa adui yao. Waliupiga mji na kuutia moto katika 1505, tena katika 1528, na kila mara watu walirudi, wakajenga upya. Ndipo katika miaka ya 1580 akaja baharia wa Kituruki, Mir Ali Bey, ambaye miji mingi ya pwani ilimkaribisha. Katika 1589 mambo yote yalikutana mahali pamoja. Waturuki walikuwa kisiwani, kundi la watu wa vita walioitwa Wazimba lilikuwa limefika ng'ambo ya maji kutoka kusini, na merikebu za Wareno zikatokea kutoka Goa. Waturuki wakashindwa, Wazimba wakavuka, na mji wa Mombasa ukaharibiwa vibaya. Hatimaye Mfalme wa Malindi akaletwa kukalia kiti cha Mombasa chini ya Wareno.

Wareno wakaona kwamba kuupiga mji na kuondoka hakufai kitu. Jiwe la kwanza la ngome liliwekwa mwezi wa Aprili 1593, katika enzi ya Mfalme Filipo wa Pili wa Hispania, ambaye wakati ule alikuwa mfalme wa Ureno pia. Mchora ramani yake alikuwa Mwitalia, Giovanni Battista Cairati, fundi mkuu wa ngome za Wareno katika nchi za mashariki. Kazi kubwa ilikwisha katika 1596.

Mtu asiyejua mambo ya vita aweza kudhani kwamba kuta zile zilipindwapindwa kwa urembo. Sivyo. Ngome ina buruji nne zilizotokeza pembeni. Mbili, za Mtakatifu Filipo na Mtakatifu Alberto, zaelekea bara, na mbili, za Mtakatifu Matia na Mtakatifu Mathayo, zaelekea bahari. Kila buruji imewekwa ili askari wake waweze kuona chini ya ukuta wa jirani yake. Adui akifika hata kwenye tako la ukuta, hapati mahali pa kujificha. Tena, kwa kuwa mizinga ilikuwa imekwisha kuvumbuliwa, kuta hazikujengwa ndefu na nyembamba kama minara, bali nene, na mahali pengine jabali lenyewe lilichongwa likawa sehemu ya ukuta. Mtu akiitazama ramani yake toka juu huona mfano wa mtu aliyelala chali, kichwa chake baharini.

MWANDIKO JUU YA LANGO

Juu ya lango kuu upo mwandiko wa Kireno uliochongwa katika jiwe, wa mwaka wa 1635. Wageni wengi hupita chini yake bila kuinua macho. Mwandiko huo wamsifu kapiteni Francisco de Seixas de Cabreira, kijana wa miaka ishirini na saba, kwamba aliijenga ngome upya, akawatiisha watu wa pwani walioasi pamoja na mfalme wao, akavunja kuta za miji ya Pate na Siyu, na kuwaua wakuu wa Pemba. Mfalme huyo aliyeasi, ambaye jiwe halikumtaja kwa heshima, alikuwa Yusuf bin Hasan.

Yusuf alikuwa mtoto mdogo baba yake, Sultani Hasan, alipouawa kwa shauri la kapiteni wa ngome. Wareno wakamchukua mtoto, wakampeleka Goa, akalelewa na mapadre, akabatizwa jina la Jerónimo, akatumika katika vyombo vyao vya vita. Katika miaka ya 1620 akarudishwa Mombasa kuwa mfalme. Walidhani wamejipatia mtu wao. Lakini kapiteni wa ngome alimdharau mbele ya raia zake, na husimuliwa kwamba Yusuf alionekana usiku akisali juu ya kaburi la baba yake kwa desturi ya Kiislamu, na habari hiyo ikapelekwa ngomeni.

Mwezi wa Agosti 1631 Yusuf aliingia ngomeni pamoja na watu wake kana kwamba amekuja kwa maamkizi. Akamwua kapiteni kwa mkono wake, na watu wake wakaitwaa ngome. Akauacha Ukristo. Wareno waliokuwa mjini, pamoja na Waafrika waliokuwa Wakristo, wanaume kwa wanawake, wakauawa walipokataa kuiacha dini yao. Habari hiyo haiwezi kusimuliwa kwa furaha na mtu wa dini yoyote. Yusuf alilipiza kisasi cha baba yake, na kisasi hicho kikawaangukia wengi wasiokuwa na hatia ya damu ile.

Merikebu zilikuja kutoka Goa mwanzo wa 1632, zikaizingira ngome, zikashindwa, kwa kuwa kuta alizozichora Mwitalia ziliwatumikia waliokuwamo ndani, wawe Wareno au wasiwe. Lakini Yusuf naye aliona hawezi kukaa. Akaiharibu ngome, akapanda chombo, akaondoka Mombasa asirudi tena. Wareno wakarudi, wakajenga, wakachonga jiwe lao. Mwandiko ule basi ni maneno ya upande mmoja, ya aliyebaki na ufunguo.

MIEZI THELATHINI NA MITATU

Baada ya Wareno kufukuzwa Maskati katika 1650, watu wa pwani waliokuwa wamechoka nao walianza kuwaomba Waarabu wa Omani msaada. Mwezi wa Machi 1696 vyombo vya Imamu Saif bin Sultan vilitia nanga Mombasa, na ngome ikazingirwa.

Waliokuwa ndani hawakuwa Wareno peke yao. Askari wa Kireno walikuwa wachache, hawakufika mia moja. Walio wengi walikuwa watu wa pwani waliokuwa marafiki wa Wareno, wake na watoto wao, na watumwa. Msaada wao ulitoka Goa, na Goa ilitegemea upepo. Kwa hiyo watu wa ngomeni walihesabu siku kwa pepo. Waarabu hawakuwa na haja ya kuvunja ukuta. Njaa ilifanya kazi yao, na tauni ikafuata.

Katika 1697 walifariki Wareno wote waliokuwa wameanza mazingira hayo. Kwa majuma kadha ngome ya mfalme wa Ureno haikuwa na Mreno mwenye amri. Iliyelindwa naye alikuwa Bwana Daud wa Faza, pamoja na jamaa zake, Waafrika wachache, na wanawake wa Kiafrika wapatao hamsini walioshika zamu ukutani. Majina ya wanawake hao hayakuchongwa juu ya lango lolote. Kisha ukaja msaada mwingine kutoka Goa, na katika msafara huo ilikuwamo merikebu Santo António de Tanná. Merikebu hiyo ilizama mbele ya ngome mwezi wa Oktoba 1697, ikalala chini ya maji karibu miaka mia mbili na themanini.

Tarehe 13 Desemba 1698, baada ya miezi thelathini na mitatu, Waarabu wakapanda ukutani usiku. Walikuta watu wachache tu wawezao kusimama. Siku chache baadaye merikebu nyingine za Wareno zilitokea baharini, zikaona bendera ya Omani juu ya buruji, zikageuka.

Mtu asomapo mambo hayo aweza kudhani kwamba tangu siku ile Mombasa ilikuwa huru. Lakini ukuta haumjui mwenyeji wala mgeni. Wareno walirudi katika 1728, na safari hii watu wa mji wenyewe waliinuka dhidi yao katika 1729, wakawafungia ngomeni hata wakatoka mwezi wa Novemba kwa masharti. Huo ulikuwa mwisho wa Wareno katika Mombasa. Kwa muda kidogo ufunguo ulikuwa kwa wenye mji. Kisha wazee wa Waswahili, pamoja na wajumbe wa Wamijikenda kutoka bara, wakasafiri hadi Omani kuomba ulinzi, na Imamu akaleta liwali wake.

WAMAZRUI, MASULTANI NA MZINGA WA WAINGEREZA

Maliwali waliotoka katika ukoo wa Mazrui ndio waliokaa ngomeni kuliko wote waliotumwa na Omani, nao kwa kukaa wakawa watu wa Mombasa. Ukoo wa Busaidi uliposhika ufalme wa Omani, Wamazrui walikataa kuutii. Liwali Muhammad bin Uthman akauawa ngomeni. Ndugu yake Ali bin Uthman akatoroka, akakusanya watu, na katika 1746 akaitwaa ngome tena. Tangu hapo kwa miaka karibu tisini Mombasa ilijitawala chini ya Wamazrui, kwa shauri la wazee wa Mataifa Kumi na Mawili ya Waswahili. Ndizo siku za malenga Muyaka bin Haji, ambaye mashairi yake juu ya vita na fitina za mji yamehifadhiwa mpaka leo.

Sayyid Said bin Sultan hakuusahau mji huo. Wamazrui, walipoona nguvu zake, walipandisha bendera ya Waingereza katika 1824 kwa ruhusa ya Kapiteni Owen wa manowari. Luteni Reitz akaachwa kuwa mwakilishi, akafa mwaka ule ule. Jina lake limebaki katika Port Reitz. Serikali ya Uingereza haikukubali jambo hilo, na katika 1826 bendera ikashushwa. Watu wa Mombasa wakashindwa na fitina kuliko mizinga. Taifa moja lilipogombana na jingine, Sayyid Said alipata marafiki ndani ya mji, na katika 1837 ngome ikawa yake. Wakuu wa Mazrui wakakamatwa kwa hila, wakapelekwa Bandar Abbas katika Ghuba, wasirudi.

Tangu hapo ngome ilikuwa kambi ya askari wa Sultani wa Unguja. Mara moja tu ilisikika tena sauti ya mizinga, katika Januari 1875, wakati Muhammad bin Abdallah, aliyejulikana kwa jina la Al-Akida, alipomwasi Sultani Barghash. Manowari mbili za Waingereza ziliipiga ngome kwa niaba ya Sultani, na Al-Akida akasalimu amri. Mizinga ya siku zile mpya ilikuwa imeyapita maarifa ya Cairati. Ngome haikuwa tena na kazi vitani.

MIAKA SITINI NA MITATU YA PINGU

Katika 1895 Waingereza walitangaza ulinzi wao juu ya nchi, nao wakaifanya ngome kuwa jela. Neno gereza likatimia. Ndani ya uwanja palijengwa vyumba vya wafungwa, jiko na ofisi, na wafungwa walitoka asubuhi kwa kazi ngumu na kurudi jioni. Mambo hayo yaliendelea mpaka 1958.

Katika muda huo wote bendera nyekundu ya Sultani wa Unguja iliendelea kupepea juu ya ngome, kwa kuwa ukanda wa pwani wa maili kumi ulihesabiwa kuwa milki yake iliyokodishwa kwa Waingereza. Basi bendera ilikuwa ya mmoja, funguo zilikuwa za mwingine, na waliolala ndani walikuwa wa tatu. Bendera hiyo ilishushwa Kenya ilipopata uhuru katika Desemba 1963.

Kwa watu wa Mji wa Kale waliozaliwa katika miaka ile, Ngome haikuwa mahali pa kutembelea. Mtoto mtundu alitishwa nayo. Familia iliyokuwa na mtu ndani iliupita ukuta kwa kuinamisha macho, na isiyokuwa na mtu ndani ilishukuru Mungu ikaupita vilevile. Waliijua kwa nje kila jiwe, na kwa ndani hawakuijua.

LANGO LAFUNGULIWA

Tarehe 24 Oktoba 1958 ngome ilitangazwa kuwa ukumbusho wa kuhifadhiwa, chini ya wasimamizi wa mbuga za taifa. Fedha za matengenezo zilitoka katika Mfuko wa Calouste Gulbenkian, ambao makao yake ni Lisbon, mji mkuu wa wale wale Wareno. Hivyo ndivyo dunia inavyozunguka. Kazi iliongozwa na James Kirkman, mtaalamu aliyekuwa amekwisha kuchimba magofu ya Gedi. Vyumba vingi vya jela vilibomolewa, taka za miaka sitini zikaondolewa, na udongo ukachimbwa kwa uangalifu, tabaka baada ya tabaka. Katika 1962 ngome ikawa nyumba ya makumbusho. Baada ya uhuru ikaja mikononi mwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na katika 2011 shirika la UNESCO likaiandika katika orodha ya urithi wa dunia, ngome pamoja na handaki lake, eneo la hekta 2.36.

Mgeni aingiaye leo hupita chini ya jiwe la Cabreira akatokea uwanjani penye jua. Yako magofu ya kanisa lililoipa lugha ya Kiswahili neno gereza. Lipo birika la kukusanyia maji ya mvua, ambalo lilikuwa uhai wa waliozingirwa. Ipo nyumba ya Waomani juu ya buruji, yenye vito na mavazi yao, ambamo baraza latazama bahari. Iko michoro ya mabaharia na askari wa Kireno, waliochora kwa makaa na udongo mwekundu merikebu, makanisa na watu, bila shaka katika zamu ndefu zisizokuwa na jambo, huku wakiifikiri nchi yao. Katika ukumbi wa makumbusho viko vyungu vya Kiafrika vya kupikia, vikombe vya Kichina, na vyombo vya Uajemi vilivyofukuliwa Gedi, Ungwana na Manda. Pamoja navyo viko vitu vilivyotolewa na wazamiaji katika merikebu Santo António de Tanná, walipoichimba chini ya maji katika miaka ya 1970.

Yafaa mgeni asivipite vyungu vile vyeusi kwa haraka ili aikimbilie mizinga. Mizinga yaonyesha nani alipigana. Vyungu vyaonyesha nani alikuwapo kabla ya vita na baada yake. Walipokuja Wareno walikuta watu wakipika katika vyungu hivyo, na walipoondoka waliwaacha wakipika. Hata lugha yaonyesha hivyo. Wareno waliwaachia Waswahili maneno machache, kama meza, bendera, leso, kasha na mvinyo, na Waswahili wakayatia katika lugha yao kama mtu atiavyo chumvi katika mchuzi. Mchuzi ukabaki wao.

Tena ngome imepata kazi nyingine ambayo wajenzi wake hawakuiwaza. Jioni, taa zikiwashwa juu ya kuta, wageni husimuliwa habari zake kwa sauti na mwanga. Uwanja uliokuwa wa gwaride na baadaye wa wafungwa umesikia taarabu, mashairi na ngoma za watu wa pwani na za bara. Karibu na ngome, katika Mji wa Kale, kilianzishwa kituo cha utamaduni wa Kiswahili ili vijana wafundishwe useremala wa nakshi, ushonaji na kazi nyingine za mikono zilizokuwa karibu kusahauliwa. Wanafunzi wa shule huja kwa mabasi, wengine kutoka bara kabisa, na huonekana wakipanda juu ya mizinga ya kale kana kwamba ni punda wa kuchezea.

ADUI AMBAYE HAKUJA KWA MERIKEBU

Hata hivyo isidhaniwe kwamba ngome sasa haina adui. Bahari haikusalimu amri kwa mtu yeyote. Maji kujaa na kupwa, pamoja na mawimbi ya kusi, yalikuwa yakilila jabali kwa chini mpaka mapango yakatokea na nyufa zikahofiwa. Katika miaka ya mwisho ya 2010 ulijengwa ukuta wa kuzuia mawimbi upande wa bahari. Wako waliolalamika kwamba ukuta huo umeibadili sura ya ufuo walioujua tangu utoto. Wengine walijibu kwamba ni heri sura ibadilike kuliko jabali liporomoke. Ubishi huo wenyewe ni dalili njema. Watu hawabishani juu ya mali ya mwingine. Wakati wa jela hakuna aliyeulizwa mahali pa kuweka jiwe.

Adui wa pili hana kelele. Ni desturi ya kudhani kwamba mambo ya kale ni ya watalii. Mgeni kutoka Ulaya huvuka bahari ili aione ngome; mtu wa Mombasa aweza kuuza mihogo au madafu chini ya ukuta wake miaka ishirini asiingie hata mara moja. Si ajabu. Babu yake alifundishwa kuupita ukuta ule kwa haraka, na mazoea hurithiwa kama nyumba. Lakini nyumba iliyorithiwa bila kuingiwa huwa ya popo.

Kuta hizo zilijengwa kwa matumbawe ya Mombasa, na mikono iliyochimba handaki na kubeba mawe ilikuwa mikono ya watu wasioandikwa. Wenye kuandikwa walikuwa makapiteni, maimamu, masultani na magavana, na kila mmoja wao aliushika ufunguo kwa muda, akaupoteza. Alasiri, kivuli cha buruji ya Mtakatifu Matia kikianza kurefuka, wazee hutoka Mji wa Kale wakakaa barazani kwa kahawa, na watoto huchezea mpira kando ya handaki. Lango liko wazi. Askari aliyesimama pale hana bunduki ya kumzuia mtu. Hutazama tikiti tu. Mtoto akiuliza mle ndani mna nini, mzee hana haja tena ya kumtisha. Aweza kumshika mkono, wakaingia pamoja, na kabla jua halijachwa wakatoka tena kwa lango lile lile.